Mbwa wa Kuishi Naye: Tazama Tabia Kabla ya Rangi

Mbwa aliyependwa akifa, wenye boma hutafuta mfano wake. Kama mbwa wao Simba alikuwa wa kahawia na kifua cheupe, basi siku wakisikia kuna mbwa amezaa Kiminini au Chwele, swali la kwanza kwenye simu huwa: kuna mwenye kifua cheupe? Hata wasioomboleza wana rangi zao. Anayetaka mlinzi huulizia mweusi, eti mwizi hamwoni gizani. Mwenye watoto wadogo huulizia wa madoadoa. Aliyevutiwa na German Shepherd wa jirani hamtaki yeyote asiye na mgongo mweusi na miguu ya hudhurungi. Kuhusu tabia ya mama wa watoto hao, au jinsi wanavyolelewa, mara nyingi hakuna anayeuliza lolote hadi mbwa amekwisha kufikishwa nyumbani ndani ya katoni juu ya bodaboda.

Mbwa akitunzwa vizuri huishi miaka 10 na zaidi. Mtoto anayeingia PP1 leo atakuwa sekondari mbwa huyo akiwa mzee. Muda wote huo, atakayekuwa akilala mlangoni, akimpokea mgeni, akipishana na kuku na kucheza na watoto ni tabia yake. Ndiyo maana nawasihi wasomaji wa Kitale na Bungoma wanaopanga kuchukua mbwa msimu huu wageuze utaratibu: tabia ije kwanza, rangi ije mwisho kabisa.

Rangi inaeleza nini

Rangi ya manyoya na mahali doa linapokaa hutawaliwa na jeni chache. Tabia ni jambo jingine. Jeni nyingi hushiriki, kila moja kwa kiasi kidogo, kisha malezi, woga, njaa na mafunzo huongeza yao. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliokusanya taarifa za mbwa zaidi ya 18,000 nchini Marekani, na zaidi ya 2,000 kati yao walipimwa vinasaba. Watafiti waligundua kuwa hata aina ya mbwa, yaani kama ni Labrador au Shepherd, hueleza karibu asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Ikiwa ukoo mzima hueleza kidogo hivyo, nyota nyeupe kwenye paji la uso itaeleza nini?

Na anayetafuta mbwa wake wa zamani kupitia madoa ajue kwamba hata maabara hazijaweza. Paka wa kwanza kuzalishwa kwa njia ya kunakili seli, aliyeitwa CC, alizaliwa Desemba 2001 katika Chuo Kikuu cha Texas A&M. Paka aliyetolewa seli alikuwa na rangi tatu. CC alizaliwa na rangi mbili, na walioishi naye walisema tabia yake ilikuwa yake mwenyewe. Walikuwa na vinasaba vilevile, lakini koti halikufanana wala moyo haukufanana.

Katika vijiji vyetu kuna sababu nyingine ya kutoitegemea rangi. Mbwa jike anayezurura akiwa na joto anaweza kupandwa na madume kadhaa, na watoto wa uzao mmoja wakawa na baba tofauti. Utakuta mmoja mweusi tititi, mmoja wa manjano, na wawili wenye soksi nyeupe, wote wakinyonya titi moja. Rangi yaweza kukudokezea baba ni yupi, ila kama humjui mbwa huyo mwenyewe, hujapata habari yoyote ya maana.

Wafugaji wa mbwa wa ukoo nao wameumizwa na alama. Rhodesian Ridgeback, mbwa mwenye asili ya kusini mwa Afrika anayefugwa pia Kenya, hutambulika kwa mstari wa manyoya yaliyogeukia mbele mgongoni. Kwa miaka mingi watoto waliozaliwa bila mstari huo waliuawa na baadhi ya wafugaji kwa kuonekana hawafai. Mwaka 2007 wanasayansi walionyesha kuwa badiliko la jeni linaloleta mstari ndilo pia linaloweka mbwa katika hatari ya kuzaliwa na kitundu kama mrija chini ya ngozi, kinachoweza kuelekea hadi kwenye uti wa mgongo na kuoza. Waliotupwa ndio hasa waliokuwa na nafasi nzuri ya kuwa na afya. Basenji, mbwa wa misitu ya Kongo, alipitia njia kama hiyo. Wafugaji wa Uingereza na Marekani walijenga ukoo wao juu ya mbwa wachache waliosafirishwa katika miaka ya 1930, na baada ya miongo kadhaa magonjwa ya figo na damu yakawa yameenea. Mwaka 1987 na 1988 Wamarekani walirudi kaskazini-mashariki mwa Zaire, yaani Kongo ya leo, kuchukua mbwa wapya wa vijijini. Baadhi ya mbwa hao walikuwa na mistari-mistari, rangi ambayo vitabu vya ukoo vya Marekani havikuwa vikiikubali. Mwaka 1990 daftari la ukoo lilifunguliwa, na mbwa hao wakaingizwa pamoja na mistari yao.

Hata hivyo kuna mahali pachache ambapo manyoya husema kitu cha kusikilizwa, na hapo husemea afya. Weupe mwingi kichwani na masikioni, hasa ukiambatana na macho ya buluu, huweza kuandamana na uziwi. Kwa Dalmatian, wale weupe wenye vitone vyeusi, vipimo vya Marekani vilionyesha karibu asilimia 30 wana kasoro ya kusikia, sikio moja au yote mawili. Kuna pia rangi ya mabaka ya kijivu iliyofifia kama iliyomwagiwa maji, ambayo siku hizi hutangazwa kwa bei ya juu. Mbwa wawili wenye rangi hiyo wakizalishwa pamoja, karibu robo ya watoto hurithi jeni hiyo pande zote mbili, na hatari ya hao kuzaliwa viziwi, vipofu au yote mawili ni kubwa. Ukiambiwa baba na mama wote wana mabaka hayo, ondoka. Na urefu wa manyoya una maana kuliko rangi yake. Mbwa mwenye koti zito atastarehe Kitale kwenye baridi ya Julai, mwinuko ukiwa karibu mita 1,900, lakini ukimshusha Bungoma, au mbali zaidi kuelekea Malaba, mchana wa Februari utamkuta anahema chini ya mti bila nguvu ya kulinda chochote, na kupe wamejificha mahali usipowaona.

Anakuja kufanya kazi gani?

Kabla ya kumpigia simu mwenye watoto wa mbwa, kaeni kama familia mseme mnataka mbwa wa maisha gani. Shamba la Trans Nzoia lina mambo yake. Kuna ng'ombe wa maziwa, kuna mtu anayefika kabla ya alfajiri kukamua, na kuanzia Oktoba vibarua wapya huingia kuvuna mahindi na trela kutoka usiku. Mbwa wa hapo anahitaji kuwa mtulivu mbele ya watu wengi wanaobadilika, na awe mwepesi wa kutoa sauti anapomsikia mtu kwenye stoo saa nane za usiku. Boma la Bungoma lenye kuku wa kienyeji wanaotembea huru linahitaji mbwa asiyewinda kila chenye mbawa. Nyumba za kupanga, za Milimani au za Kanduyi, zina wapangaji wanane kwenye geti moja, na mbwa asiyeweza kutofautisha mpangaji na mgeni atawaletea ugomvi kila wiki. Ukiwa na majirani Waislamu, ambao mate ya mbwa yakiwagusa huwalazimu kujitoharisha kabla ya swala, mbwa anayemrukia kila mtu kwa furaha ni mzigo kwao hata kama haumi. Mtafute anayependa watu kwa umbali.

Kisha kuna matanga, na kuna Agosti. Miaka inayogawanyika kwa mbili, msimu wa tohara wa Wabukusu hujaza njia. Vijana hupita na njuga zao, chinyimba, mkononi. Nyuma yao umati unaimba, unakimbia, unapiga filimbi mchana na usiku kwa wiki nzima. Mbwa mwenye hofu ya kelele huvunja mnyororo, hukimbilia barabarani, au humuuma mtoto aliyesimama karibu naye. Kwa maoni yangu, ustahimilivu wa kelele na umati ndiyo sifa ya kwanza ya mbwa wa Bungoma, na ni sifa ambayo karibu hakuna mnunuzi anayeiulizia.

Niseme jambo kuhusu ukali, maana ndilo linalowapoteza wengi. Kibao cha MBWA KALI getini hakidhuru mtu. Mbwa anayemuuma kila aingiaye ndiye hasara. Mlinzi mzuri hubweka, husimama kati ya mgeni na mlango, na huacha akiambiwa. Mbwa anayerukaruka mwisho wa mnyororo akitoa meno, mkia ukiwa umebanwa na masikio yamelazwa nyuma, huyo ana woga. Woga ndio huzaa sehemu kubwa ya kuumwa kwa watu, na wanaoumwa zaidi ni watoto, tena na mbwa wanaowajua. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Kwa hiyo ukionyeshwa mtoto wa mbwa anayenguruma na kutetemeka kwenye kona, ukaambiwa "huyu atakuwa mkali sana", amini kwamba unaonyeshwa mbwa mwenye tatizo.

Siku ya kwenda kumtazama

Nenda mara mbili ukiweza. Mara ya kwanza watoto wakiwa na wiki 5 au 6, wameanza kutembea vizuri na kucheza. Mara ya pili siku ya kuwachukua, wasipungue wiki 8. Najua wengi hugawa watoto wakiwa na wiki 4, kwa sababu mama amekonda na watoto wameanza kumaliza ugali wa nyumba. Suluhisho ni rahisi: ukishakubaliana na mwenye mbwa, mpelekee unga na omena za kuwalisha wiki hizo zilizobaki. Mtoto wa mbwa akikaa na ndugu zake hadi wiki ya nane hujifunza kwao jambo ambalo wewe utahangaika kumfundisha. Akimng'ata nduguye kwa nguvu, nduguye hulia na mchezo hukatika, naye hujua kupunguza meno.

Ukifika, usiende moja kwa moja kwa watoto. Msalimie mwenye nyumba, kaa, na umtazame mama. Akibweka ni sawa, yuko kwake na ana watoto. Kitu cha kutazama ni kinachofuata. Mwenye nyumba akisema, "Mwache, ni mgeni wetu," anatulia? Baada ya dakika kumi anaweza kuja kukunusa, au angalau kulala chini akikutazama? Au inabidi afungwe kwa kamba mbili na bado anakuvizia ukigeuka? Mama mwoga hurithisha woga wake kwa damu, na tena huufundisha kwa mfano, maana watoto humwona anavyojibanza mgeni akifika. Kati ya yote utakayoyaona siku hiyo, tabia ya mama ina uzito kuliko yote. Baba akiwepo, mtazame pia.

Uliza, kwa adabu, maswali ya nyumba hiyo. "Mama, huyu ana uzao wa ngapi? Wa kwanza walienda wapi? Wanaendeleaje?" Mbwa aliyezaa mara mbili kijijini ana watoto wake waliokua ndani ya umbali wa kutembea. Wapitie ukirudi. Hakuna kipimo cha mtoto wa mbwa kinachoshinda kuwaona kaka na dada zake wakubwa wakiwa kazini.

Halafu tazama walikolelewa. Kati ya wiki ya tatu na kama ya kumi na nne ya maisha, ubongo wa mbwa huandika mambo ya kawaida ya dunia: binadamu, watoto, kuku, pikipiki, mvua kwenye mabati. Anayoyaona bila kuumizwa wakati huo huyachukulia kuwa salama. Mtoto aliyefungiwa kwenye stoo ya mahindi wakati huo wote hutoka akiogopa vitu vya kila siku, na kumrekebisha ni kazi ya miezi. Basi mtoto wa rangi yoyote aliyekulia uani, akikanyagwa na bata na kubebwa na watoto wa shule, ana thamani kuliko mwenye madoa mazuri aliyetolewa gizani.

Sasa wajie watoto wenyewe. Kaa chini, usimwite yeyote, tazama kwa dakika kadhaa. Utamwona mmoja anakuja mbio na kuanza kuvuta kamba za viatu. Mwingine anakuja, ananusa, anaondoka kuendelea na shughuli zake. Mmoja anasubiri nyuma, anapima hali, kisha anasogea polepole. Wote hawa wanaweza kuwa mbwa wazuri, inategemea nyumba wanayoenda. Yule wa kwanza anafaa wenye shamba na muda wa kumfundisha. Wa pili na wa tatu huwa rahisi kwa nyumba yenye wazee au watoto wachanga. Nawaonea huruma wa namna hiyo, kwa sababu mnunuzi mwenye haraka huwapita.

Angusha kifuniko cha sufuria hatua chache kutoka walipo. Wote watashtuka, na ni haki yao. Hesabu muda wa kurudi. Anayeshtuka, akageuka, akaja kunusa kifuniko, huyo atayaweza maisha ya Agosti. Anayebaki ameganda chini ya jiko hadi unaondoka, mwachie mwenye uzoefu. Mchukue mmoja umpakate. Atajitapatapa kidogo kisha alegee. Huo ndio mwenendo wa kawaida. Anayekakamaa, akakukazia macho na kunguruma katika umri huo, usimchukue. Kisha mtenge na ndugu zake, simama nyuma yake, na upige mluzi mdogo bila kukanyaga chini kwa kishindo. Kufanya hivi akiwa peke yake ni muhimu, kwa kuwa mtoto kiziwi huwafuata wenzake, na ukiwaita wote kwa pamoja hutamjua.

Vipimo hivi visipewe nguvu visizo nazo. Tafiti zilizofuatilia watoto wa mbwa hadi ukubwani zimeonyesha kuwa majaribio ya wiki ya saba au nane hutabiri kidogo sana tabia ya mbwa mzima. Vitumie kuwaondoa walioko pembeni kabisa, yaani mwoga kupindukia na mkali kupindukia, kisha kwa waliobaki tegemea mama, malezi na kazi yako mwenyewe.

Kagua na afya: macho makavu na angavu, ufizi wa waridi (mweupe ni dalili ya upungufu wa damu, mara nyingi minyoo au viroboto), kitovu kisichotokeza, tumbo lisilovimba kama ngoma, na mkia mkavu usio na kinyesi chepesi. Uliza dawa ya minyoo ilianza lini. Inapaswa kuanza wiki ya pili na kurudiwa kila wiki mbili hadi wiki ya nane au zaidi.

Wengi huwakataa majike kwa kuhofia watazaa ovyo, na ndiyo maana wanaotupwa barabarani wengi ni wao. Jike hulinda sawa na dume, na daktari wa mifugo anaweza kumfunga kizazi. Ukikuta jike tulivu na dume mwenye wasiwasi, chukua jike.

Baada ya yote hayo, ukibaki na wawili waliolingana, hapo waite watoto wako. Waache wachague mwenye nyota, mwenye soksi, mwenye sikio moja jeusi. Kupenda alama si kosa, na mtoto atakayemtambua mbwa wake kwa doa la kifua atamtunza kwa bidii zaidi.

Mbwa aliyekwisha kukua

Kwa familia nyingi, hasa zenye wazee au zisizo na mtu wa kukaa na mtoto wa mbwa mchana, ningeshauri mbwa wa mwaka mmoja hadi mitatu. Tabia yake imekwisha kuonekana, na kubahatisha kumepungua. Watu huhama, wengine hufiwa, na mbwa mzuri hubaki akitafuta pa kwenda. Uliza alivyokuwa msimu wa tohara uliopita, uliza kuhusu kuku wa jirani, uliza nani aliwahi kuumwa na ilikuwaje. Omba utembee naye kwa kamba hadi dukani na kurudi. Katika safari hiyo ya dakika ishirini, mkipishana na pikipiki, mbuzi na watoto wa shule, utaona mengi ambayo mwenye mbwa hakukumbuka kukuambia.

Usimdharau wa kienyeji. Mei 2005, jijini Nairobi, mbwa jike wa mitaani alimkuta mtoto mchanga aliyetupwa ndani ya mfuko wa plastiki. Alimbeba, akavuka naye barabara, akapita kwenye ua wa waya, akamlaza alipokuwa amelaza mtoto wake mwenyewe, hadi wakazi waliposikia kilio. Mtoto alipelekwa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, na KSPCA, shirika la kuzuia ukatili kwa wanyama, likamwita mbwa huyo Mkombozi. Hakuwa na cheti cha ukoo. Angekuwa kwenye safu ya kuchagua kwa rangi, sidhani kama angetazamwa mara mbili.

Kwa mbwa mzima kuna ukaguzi mmoja wa ziada. Tazama sehemu za siri kama zinatoa damu au zina uvimbe unaofanana na koliflawa. Mara nyingi huo ni uvimbe unaoambukizwa mbwa wakipandana, na huonekana sana kwa wanaozurura. Hutibika kwa sindano za daktari, lakini ujue gharama kabla ya kukubali.

Chanjo, dawa na sheria

Chanjo za magonjwa ya watoto wa mbwa, kama parvo, huanza wiki ya 6 hadi 8 na hurudiwa kila wiki 3 au 4 hadi wiki ya 16. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka. Dai kadi yenye vibandiko vya chupa ya chanjo na sahihi. Neno la mdomo halitoshi. Kichaa cha mbwa huua karibu watu 59,000 kwa mwaka duniani, na nchini Kenya makadirio hufikia 2,000. Mpango wa taifa wa 2014 hadi 2030 unalenga kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, kiwango kinachokata maambukizi. Kampeni nyingi hufanyika karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwa hiyo sikiliza redio za Kitale na Bungoma wiki hizo na umuulize ofisa wa mifugo wa wadi. Mtu akiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, nenda hospitali siku hiyohiyo, na mbwa asiuawe bali afungwe na kuangaliwa kwa siku 10. Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, na ile ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, zinamhusu kila mwenye mbwa, awe wa kienyeji au wa ukoo.

Wakazi wa Kitale wanaochukua mbwa kutoka upande wa Lodwar wawe makini na jambo jingine. Turkana imejulikana kwa muda mrefu kuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika sana duniani na ugonjwa wa vifuko vya tegu, ambao mbwa huupata akila matumbo mabichi na binadamu huambukizwa kupitia kinyesi cha mbwa. Mbwa huyo apewe dawa yenye praziquantel kabla hajaingia kwenye nyumba yenye watoto. Na popote alikotoka, asitupiwe mabaki ya kichinjio yasiyopikwa.

Wiki za kwanza nyumbani zisiwe za mnyororo. Usiku wa kwanza atalia. Mwekee gunia lenye harufu ya mama yake na mlaze karibu na watu. Kuku mwonyeshe akiwa kwenye kamba, kila siku kidogo, na umpe chakula anapowatazama bila kuwarukia. Watoto wafundishwe kumwacha akila na akilala. Mkaribishe bodaboda mnayemjua asimamishe pikipiki uani, azime, ashuke, ampe kipande cha ugali.

Ikiwa baada ya miezi kadhaa mbwa hapatani na nyumba yako, mrudishe alikotoka au umtafutie boma jingine, ukisema wazi kasoro zake kwa anayempokea. Makao makuu ya KSPCA yako Nairobi, kwa hiyo huku kwetu pa kuanzia ni ofisi ya mifugo ya kaunti au daktari aliyemchanja, ambaye mara nyingi anawajua wakulima wanaotafuta mbwa. Usimwache Moi's Bridge wala kando ya barabara kuu ya Webuye. Kumtelekeza mnyama hadi ateseke ni kosa chini ya Sura ya 360, na chanjo yake ikishapitwa na wakati atakuwa mmoja wa wale ambao kampeni ya Septemba haiwafikii.